Dirisha na Meza: Miisho Miwili ya "Shamba la Wanyama"

Katika vijiji vilivyo nyuma ya Msambweni, mkulima wa muhogo hahitaji kuelezwa ubaya wa nguruwe. Nguruwe mwitu hutoka vichakani usiku, hufukua matuta, na mwenye shamba huamkia mashimo. Juu ya hayo, wakazi wengi wa huko ni Wadigo na ni Waislamu, ambao kwao nyama ya mnyama huyo ni haramu. Kwa hivyo riwaya fupi ya George Orwell, Animal Farm, inapofika huko kwa Kiswahili ikiitwa Shamba la Wanyama, hufika na mzigo ambao mwandishi wake hakuufunga. Orwell alitaka msomaji awaamini nguruwe kwanza, ndipo asalitiwe pamoja na wanyama wenzao. Msomaji wa Msambweni huwashuku tangu ukurasa wa kwanza.

Hivyo ndivyo alivyokisoma kitabu hicho msichana mmoja wa Msambweni, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne na kukaa nyumbani kungoja matokeo. Nakala ilikuwa ya babu yake, mwalimu mstaafu wa Kiswahili: tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Karatasi zake zilikuwa zimegeuka manjano na jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi. Msichana alikimaliza kwa siku tatu, akakirudisha na malalamiko.

"Babu, kitabu hiki hakina mwisho. Wanyama wamesimama nje wanachungulia, basi. Kisha wakafanya nini?"

"Ulitaka wafanye nini, mjukuu wangu?"

"Wapigane."

Mzee alicheka, akamwambia kwamba wapo waliotaka vivyo hivyo, na walikuwa na fedha za kutosha wakaufanya mwisho wao wenyewe katika filamu. Maneno hayo yalimtuma msichana kuitafuta filamu. Binamu yake afanyaye kazi Diani alimletea ikiwa katika kipakatalishi, na usiku mmoja wa kaskazi, baada ya sala ya isha, ikaonyeshwa barazani. Walikuja watoto wa jirani pamoja na mama yao, na mzee mmoja aliyewahi kukata miwa Ramisi hadi kiwanda cha sukari cha huko kilipofungwa mwaka 1988.

Filamu yenyewe ni ya michoro, kazi ya John Halas na Joy Batchelor. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Desemba mwaka 1954, miaka tisa baada ya kitabu kutoka na karibu miaka mitano baada ya Orwell kufariki. Sauti zote za wanyama zilitolewa na mwigizaji mmoja tu, Maurice Denham. Si kazi ya kubezwa. Yapo mambo ambayo filamu hiyo huyafanya kuliko maandishi. Farasi Boxer, aliyelitumikia shamba hadi mgongo ukamshinda, anapochukuliwa kwa gari kupelekwa kuchinjwa, kitabu hutusimulia jinsi wanyama walivyochelewa kuelewa. Katika filamu tunamwona punda Benjamin akikimbia nyuma ya gari huku akilia, na hakuna maneno yanayohitajika. Barazani palikuwa kimya. Yule mzee wa Ramisi alivua kofia yake akaishika mkononi, na watoto hawakumuuliza sababu.

Kisha ukafika mwisho. Nguruwe wamo ndani ya nyumba wakinywa na kupongezana. Benjamin anachungulia dirishani, na machoni pake nyuso za nguruwe zinageuka kuwa uso wa Jones, bwana wa zamani. Wanyama wa mashamba mengine nao wamekuja, kwa kuwa nao wamechoka. Wote kwa pamoja wanaivamia nyumba, na utawala wa Napoleon unakwisha. Watoto walipiga makofi. Msichana alimgeukia babu yake kama mtu aliyeshinda kesi.

"Huu ndio mwisho, babu."

Mzee hakubisha. Aliuliza swali moja tu. "Mezani umewaona akina nani?"

"Nguruwe."

"Na katika kitabu?"

Msichana aliingia ndani kukichukua kitabu, akasoma kurasa za mwisho kwa mwanga wa simu. Katika kitabu, meza ile ina pande mbili. Nguruwe wameketi na watu, wenye mashamba ya jirani, waliokuja kama wageni wa heshima. Wanasifiana, wanacheza karata, kisha wanagombana kwa sababu ya udanganyifu katika mchezo. Wanyama walio nje wanatazama kutoka uso hadi uso, na hawawezi tena kutofautisha. Katika filamu ya mwaka 1954 watu hao hawapo. Walioalikwa ni nguruwe wenzao kutoka mashamba mengine.

Wahakiki wengi wanapozilinganisha kazi hizi mbili husimama kwenye uasi ulioongezwa, kwa sababu ndio unaoonekana. Lakini badiliko kubwa zaidi ni hili la wageni walioondolewa mezani, nalo halikuwa la bahati mbaya. Inajulikana sasa kwamba fedha za kutengeneza filamu hiyo zilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na kwamba shirika hilo lilikuwa na maslahi yake katika jinsi hadithi itakavyomalizika. Frances Stonor Saunders aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1999, na Daniel Leab akaliandikia suala hilo kitabu kizima mwaka 2007. Orwell alikuwa ameweka mizani: mkomunisti aliyesaliti mapinduzi na bepari aliyeyapinga wamefanana hata hawatambulikani. Kwa mlipaji wa filamu, nusu ya kwanza ya mizani hiyo ilikuwa propaganda nzuri, na nusu ya pili ilikuwa tusi. Basi nusu moja ikabaki, nyingine ikafutwa. Uasi wa mwisho uliziba pengo lililoachwa.

Filamu ya pili, iliyoongozwa na John Stephenson kwa ajili ya televisheni mwaka 1999, nayo haikuthubutu kuufuata mwisho wa kitabu. Huko Jessie, mbwa jike anayesimulia, anashuhudia utawala wa nguruwe ukiporomoka, na familia mpya ya watu inawasili kwa gari kulichukua shamba, kana kwamba mwenye shamba mpya ndiye dawa. Ilitengenezwa miaka kumi baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, na inaonekana hivyo. Filamu ya kwanza iliwatoa watu mezani ili wasilaumiwe. Ya pili iliwarudisha mlangoni kama wakombozi.

Hata hivyo, si haki kulisema upande mmoja tu. Mama wa watoto wale, aliposikia mzee akiyaeleza haya, alijibu kwa upole: "Mwalimu, waache watoto walale na furaha. Hadithi ambayo hakuna anayenyanyuka ndani yake itamfundisha nini mtoto ila kukaa dirishani?" Hoja hiyo ina uzito. Mwisho wa kitabu umewahi kusomwa kama fundisho la kukata tamaa, kwamba kila mapinduzi ni bure, na wapo watawala wengi ambao wangependa raia wao waamini hivyo. Lakini wapo pia walioogopa hata kuchungulia kwenyewe. Mwaka 1991, tamthilia iliyotokana na kitabu hiki ilipigwa marufuku nchini Kenya, katika mwaka ule ule ambao mwishoni mwake sheria ya chama kimoja iliondolewa. Mwisho usio na uasi ulitosha kumtisha mwenye mamlaka, kwa kuwa alijua kwamba anayetazama vizuri hatatazama milele.

Swali basi si kama tumaini linafaa. Swali ni tumaini lililonunuliwa kwa bei gani. Na huko Kwale bei hiyo inaweza kuhesabiwa.

Historia ya ardhi ya pwani ya kusini ni historia ya meza zilizokuwa na pande mbili. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi ya mwambao wapeleke madai yao serikalini, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wadigo wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mipaka yake ni mikorosho na minazi, hawakuwa na karatasi. Baada ya uhuru mwaka 1963, bendera ilibadilika, lakini ardhi ile haikurudi kwa wakulima kwa sababu tu ya bendera. Hoteli zilipoongezeka Diani, viwanja vya ufukweni vikawa dhahabu. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria katika nchi nzima, na pwani haikuachwa nje. Leo mtu aweza kutembea Diani kando ya kuta ndefu akitafuta njia nyembamba ya kumfikisha baharini, huku Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ukiwa umesimama karibu kama shahidi aliyekataa kuondoka.

Katika simulizi za watu, lawama huwa na anwani moja: mgeni. Mgeni wa Uingereza, mgeni wa bara, mgeni wa Ulaya. Simulizi hizo zina ukweli mwingi, lakini zina umbo la filamu. Huko Halas na Batchelor waliwatoa watu wakabakiza nguruwe. Huku msimuliaji huwatoa wetu akabakiza wageni. Katika hali zote mbili upande mmoja wa meza umefutwa, na mtazamaji anapiga makofi kwa sababu adui aliyebaki hafanani naye.

Usiku ule, wageni walipokwisha kuondoka, mzee alimweleza mjukuu wake jambo ambalo watu wa nyumba ile hawakuwa wakilizungumza. Shamba la babu yake yeye, lenye minazi na kisima, lilikuwa Diani karibu na bahari. Katika miaka ya sabini liliuzwa kwa bei isiyofikia mavuno ya minazi ya miaka michache. Kila mtoto wa ukoo alikua akisikia kwamba walidanganywa na wageni. Ni kweli walidanganywa. Lakini siku ya kutia sahihi palipikwa pilau, wanunuzi wakakaribishwa kwenye mkeka, na aliyeketi nao akisoma karatasi na kuwaambia wazee mahali pa kuweka kidole gumba alikuwa ami yake mwalimu, ndugu wa baba yake, mmoja kati ya wachache waliojua kusoma. Baba yake alikuwa nje, karibu na dirisha, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

"Na wewe, babu, ulikuwa upande gani wa dirisha?"

Mzee alikifunga kitabu. "Mimi nilikuwa kijana. Lakini karo yangu ya chuo cha ualimu alinilipia ami."

Msichana hakusema kitu kwa muda. Naye alikuwa amesomeshwa kwa mshahara wa mwalimu yule, na mwalimu yule kwa fedha za shamba lile. Hapo mtu aweza kuelewa kwa nini mwisho wa kitabu ni mgumu kuubeba kuliko wa filamu. Filamu inamtaka mtazamaji achague upande kisha ashinde. Kitabu kinamwacha dirishani hadi macho yake yazoee mwanga wa ndani, na katika nyuso zilizo mezani huenda akamkuta mtu wa nyumbani kwake.

Wasomaji wa Kiswahili wamewahi kupewa ufunguo wa jambo hili na mwandishi wa Pwani yao wenyewe. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa katika miaka ya themanini na kufariki mwaka 2004, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake mkuu anaitwa Dzombo, jina la mlima ulioko Kwale, bara ya Msambweni. Riwaya hiyo haikosi tumaini, kwani inamfikisha Dzombo katika nchi yenye haki. Lakini jina la nchi hiyo, likikatwa vipande, linasema "wale ni sisi". Kwa Mkangi ni maneno ya matumaini: hao walioweza ni watu kama sisi. Yakisemwa kwenye dirisha la Orwell, maneno hayo hayo yanauma. Pengine msomaji anapaswa kuyasema kwa maana zote mbili, na kwa kuanza na ile inayouma.

Asubuhi yake msichana alikirudisha kipakatalishi kwa mwenyewe. Kitabu hakukirudisha. Alimwomba babu yake amtajie majina ya wote waliokuwapo siku ile ya pilau, waliokuwa mkekani na waliokuwa nje, akayaandika kwa penseli katika ukurasa mweupe ulio nyuma ya tafsiri ya Kawegere. Jina la ami lilikuwa la kwanza. Mzee aliliangalia kwa muda, kisha akamtajia la pili.