Kitambuzi na Gorogoro

Nimelelewa viungani mwa Kitale, mahali ambapo neno 'kuvuna' halihitaji fafanuzi: ni mahindi, ni Oktoba hadi Desemba, ni magunia. Kwa hiyo nilipokutana na istilahi 'kuvuna nishati' katika maandishi ya wahandisi, nilisita. Ni nani aliyelipanda jua? Kwa maoni yangu kitenzi 'kukinga' kingefaa zaidi, maadamu paneli ya sola hutegwa juani mithili ya pipa chini ya mchirizi wa bati. Hata hivyo, kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoridhia 'kuvuna', si kwa sababu ya shamba bali kwa sababu ya ghala.

Vipo vituo vya hali ya hewa vya mtandao wa TAHMO, ambavyo vingi humu nchini vimewekwa shuleni. Hupima mvua, joto na upepo, hujilisha kwa jua, na hutuma vipimo kupitia mawimbi ya simu. Katika vifaa vya jinsi hii, ulaji mkubwa wa umeme aghalabu hauko katika kupima, bali katika kutuma. Ndiyo maana kitambuzi hulala karibu muda wote. Huzinduka, kikapima, kikatuma, kikalala tena.

Lakini mvua ya Trans Nzoia huja na mawingu. Siku ambayo kipimo cha mvua kinahitajika zaidi ndiyo siku ambayo jua halionekani, na kifaa kisichojua kujinyima hunyamaza papo hapo.

Katika makala ya mwaka 2007, Aman Kansal na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipendekeza kifaa kiigawe siku katika vipindi 48 vya nusu saa, kikadirie mavuno ya kila kipindi kwa kukumbuka siku zilizotangulia, kisha kirefushe au kifupishe usingizi wake ili matumizi yasiyapite mavuno. Mama yangu hulitenda hilo kwa gorogoro. Hangoji ghala litoe mwangwi ndipo apunguze. Hupunguza mwezi Mei, mahindi mapya yakiwa bado magotini.

Wahandisi huongeza jambo ambalo sisi wapenda akiba hatulifurahii: kubana kupita kiasi nako ni hasara. Betri ikishajaa, jua la ziada hupotea bure, sawa na magunia yanayowekwa hadi yakaliwa na fukusi. Januari, kiangazi cha Kitale kikiwa kikali, kitambuzi kinastahili kupima na kutuma mara nyingi zaidi.

Limesalia suala la jina. 'Usimamizi wa nguvu' unanuka ofisi. Je, wanaisimu wenzangu, 'kupimia' hakutoshi? Mama huwapimia watoto unga; kitambuzi hujipimia umeme.