Watasema Kafunga

Jumanne, 28 Machi 2023

Usiku Watasema hakulala, mimi pia. Alianza kutapika kabla ya daku, povu la njano, kisha tumbo likamwachia palepale chini ya mwembe. Harufu yake, mungu wangu. Mama kutoka jikoni: "Huyo mbwa wako asisogelee vyombo vyangu!" Asogee wapi? Hata mkia hautikisi.

Leo hali kitu mpaka kesho, tumbo lipumzike. Maji tu, kidogo kidogo. Akiachiwa bakuli zima atalimaliza na kulitapika lote. Baba mkubwa kapita, kacheka: "Ehe, naye kafunga?" Kafunga, Baba mkubwa, ila maji anakunywa.

Jumatano, 29

Bado anahara, maji matupu. Damu hakuna, nimemulika kwa tochi ya simu. Ikitokea damu naita pikipiki, tutafute mtu wa mifugo huko huko aliko. Angekuwa mtoto wa mbwa ningeshaondoka jana. Wadogo wasiochanjwa wakishikwa na ugonjwa wa parvo hawachukui muda. Huyu mkubwa, kazoea kuokota mitaani.

Ngozi ya shingo naivuta, naiachia, inarudi. Polepole kuliko jana? Au woga wangu tu? Fizi zina mate, afadhali.

Nimemkorogea maji kama ya watoto wanaohara: lita 1 iliyochemshwa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Sukari ya futari hiyo. Mama kaona, kanyamaza.

Jirani naye kaleta kidonge chake cha ibuprofen, kwa moyo mweupe kabisa. Nimeshukuru, nimekitia mfukoni. Kile kinachotuliza maungo ya mzee kitamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Simpi ng'o.

Alhamisi, 30

Hajatapika tangu jana alasiri!

Nimempikia kwenye kopo lake: mchele wa hapa hapa, maji mengi, mpaka ukavurugika. Juu yake kuku kidogo, bila ngozi. Hakuna mawese, hakuna chumvi, kitunguu ndiyo kabisa, kinaharibu damu ya mbwa. Mama, mikono kiunoni: "Sisi tumefunga, mbwa anakula kuku mchana kweupe." Sina jibu. Nimempa kiasi cha kiganja, kakimaliza, kaniangalia. Basi? Basi. Mpaka jioni.

Kwa furaha kanilamba mkono wote, na adhuhuri imeshaadhiniwa. Haya, kuosha mara saba, moja kwa udongo. Ndoo nzima imekwenda, na kisima kiko mbali. Sikukasirika hata kidogo.

Ijumaa, 31

Kinyesi kina umbo! Nimewaita watu waje waone. Hakuja mtu.

Aliyekuja ni kaka, mkononi kengele ya mti ya kumvisha mbwa mawindoni: kesho wanaingia porini, anamtaka Watasema. Nimekataa. Bado anakula wali mlaini, ugali namchanganyia kidogo kidogo, siku mbili tatu ndipo arudie chakula chake. Kaka kanuna. Eti namlea mbwa kizungu. Na aseme.

Baada ya swala nikamtafute mtu wa mifugo, dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa pia, maana huko porini nani anajua atang'atana na nini. Bei nitampelekea kaka. Mwindaji si yeye?