Harufu ya Nani?

Kwenye maduka ya manukato ya kupima pale Kariakoo, muuzaji huvuta mafuta kwa bomba la sindano kutoka kwenye chupa kubwa, akakujazia kichupa chako: mililita tatu, sita, kumi. Hakuna boksi la kumetameta wala picha ya mwanamitindo. Hata hivyo rafu zimegawanywa. Huku za kike, kule za kiume. Siku hizi katikati pamezuka rafu ya tatu, ya wote, na ndiyo inayojaza vijana. Wapenzi hununua chupa moja wakaitumia wawili. Wanafunzi wenzangu wa uzamili huisifia kama jambo la kizazi chetu, kitu ambacho wazee wetu wasingekielewa.

Hapo ndipo ninapokwama. Nimekulia Tanga, nyumbani kwa babu na bibi, na sioni upya wake uko wapi.

Babu alikuwa na kichupa kimoja cha mafuta, waridi na udi pamoja. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alichovya kipande cha pamba, akajipaka nyuma ya masikio na kwenye viganja, kisha ile pamba akaichomeka kwenye kunjo la sikio. Bibi alitumia kichupa hichohicho. Yeye alijipaka jioni, baada ya kuoga, na kanga zake zilifukizwa kwa chetezo kilekile kilichofukiza kanzu za babu. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza harufu ile ni ya kike au ya kiume.

Sisemi kwamba Pwani haikuwa na mipaka. Ilikuwa nayo, tena mikali. Kikuba cha asumini na rihani kilikuwa cha wanawake. Babu aliweza kunukia mpaka mtaa wa pili na watu wakamsifu kwa usafi. Bibi alifundishwa kwamba mwanamke wa heshima hanukii barabarani. Manukato yake yaliishia mlangoni. Lakini angalia mpaka wenyewe ulipochorwa: kwenye mahali na saa. Mafuta yalikuwa yaleyale. Na kwenye maulidi, mrashi ulipopitishwa, wazee wenye ndevu walinyunyiziwa marashi ya mawaridi na hakuna aliyeona wamepungukiwa uanaume.

Ulaya nako harufu hazikuzaliwa na jinsia. Johann Maria Farina alipotengeneza manukato yake mjini Cologne mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, maji yake yenye harufu ya limau na machungwa yalipakwa na wanaume kwa wanawake. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ilitoa Fougère Royale, yenye lavenda na kumarini, na ukoo wa harufu ulioanzia hapo ukaja kuwa harufu ya sabuni ya kunyolea ndevu na ya kinyozi. Miaka saba baadaye Guerlain wakatoa Jicky, nayo ikiwa na lavenda na kumarini, na hiyo imevaliwa na wanaume na wanawake hadi leo. Malighafi zilezile, hatima tofauti. CK One ya Calvin Klein, iliyouzwa waziwazi kwa wote, ilitoka mwaka 1994, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kisa cha udi ndicho kinachonigusa zaidi. Udi hutokana na miti ya Aquilaria ya Asia. Mti ukishambuliwa na kuvu hujikinga kwa utomvu mzito, na kuni iliyolowa utomvu huo ndiyo tunayoichoma. Kwa vizazi vingi mabibi zetu wamefukizia kanga na vitanda vya maharusi. Mwaka 2002 Yves Saint Laurent walitoa M7, moja ya manukato ya kwanza ya kampuni kubwa za Magharibi kuuweka udi mbele, nao wakayauza kama manukato ya wanaume. Sasa nikiingia dukani nikitafuta harufu ya kanga za bibi, naelekezwa kwenye rafu ya kiume.

Babu alifariki nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada hii. Kichupa kilibaki na robo yake, bibi akanipa. Nilikipaka kidogokidogo mpaka kikaisha. Asubuhi moja kwenye semina mwenzangu alininusa akauliza, kwa utani, kama nimelala kwa shemeji. Wote wakacheka, nami nikacheka. Aliuliza kuhusu mwanamume, na kweli mwanamume alikuwapo, ila tulikuwa tumeshamzika.

Niliporudi Kariakoo kutafuta mfano wake, muuzaji alisema, "Dada, hiyo nzito, ya kiume. Nikupe vanila?" Nikamwomba anipake zote mbili, kila mkono na yake, nikaenda zangu sokoni kununua nyanya.

Hivyo ndivyo ninavyoshauri uchague. Usinuse kifuniko ukaamua. Paka kwenye ngozi, kisha ondoka. Chembe nyepesi huruka kwanza: limau na machungwa huisha ndani ya dakika chache, maua hufuata, na kinachobaki baada ya saa kadhaa, udi, sandali au vanila, ndicho utakachoishi nacho. Joto la Dar huharakisha yote hayo, kwa hiyo jaribu mchana, ukiwa umetoka jasho. Usijaribu zaidi ya tatu kwa siku. Pua ikichoka, nusa ngozi yako isiyopakwa kitu. Kumbuka daladala na darasa, maana jirani yako anaweza kuwa na pumu: mafuta matupu hukaa karibu na mwili, ya spiriti husambaa. Nunua mililita tatu kwanza. Na ukiulizwa ni ya nani, jibu unataka ikukumbushe nini.

Lakini tusidanganyane kwamba rafu ya tatu imetusawazisha. Ukizinusa chupa zake, nyingi ni mbao, viungo na machungwa. Maua matamu ni machache mno. Yaani wanawake tumekaribishwa upande wa wanaume, ila wanaume hawajakaribishwa upande wetu. Mimi nikinukia kama babu, naulizwa kuhusu shemeji, mambo yanaisha. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 21, anapenda asumini, ile ya vikuba, yenye utamu unaokaba koo. Alipoipaka kwenda chuoni, rafiki zake walimpa jina ambalo hakuniambia. Nimelijua kwa namna alivyonawa shingo aliporudi.

Hajakitupa kichupa. Hujipaka usiku, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kulala. Bibi alipokuja kututembelea alisimama ukumbini, akavuta pumzi, akauliza nani amevaa kikuba. Nikamwambia ni mjukuu wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema asumini nzuri, ila mwambie asijipake nyingi, na akamwita aje amwonyeshe mahali pa kupaka.