Reli ya Mkonge Juu ya Meza

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi, walimu wawili na wanafunzi tisa wa Chumbageni, Tanga, tulicheza kwetu; lakini kabla ya kutunzwa tulikosolewa, na kukosolewa huko ndiko kulikotufunza zaidi. Tunaeleza habari hii kwa kuwa tunaamini inawahusu wote wanaofundisha na kujifunza historia ya nchi yetu.

Likizo moja tuliazimia kuunda mfano wa reli ndogo ya shamba la mkonge pamoja na mandhari yake. Hatukuwa na haja ya kutafuta mbali. Reli ya Tanga ndiyo iliyotangulia reli zote za Tanganyika. Wajerumani waliianza mwaka 1893. Ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Upana wake ni meta moja. Mwaka huo huo wa 1893, Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Na kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba yaliyobadili sura ya nchi yote kati ya Pangani na Korogwe.

Jani la mkonge ni zito, na karibu uzito wake wote ni maji na makapi. Katika kilo 100 za majani, singa kavu hazizidi kilo tano hivi. Tena halina budi kukamuliwa upesi baada ya kukatwa, kabla halijakauka. Kwa sababu hiyo, ndani ya mashamba zilitandazwa reli nyembamba zaidi, za upana wa kama milimita 600, za kupitisha matroli yaliyobeba majani hadi kiwandani.

Tulichagua kipimo cha moja kwa hamsini. Hivyo reli kuu ikawa na upana wa sentimita mbili, na reli ya matroli milimita 12. Spoki za baiskeli kuukuu zikawa vyuma vya reli, vipande vya mianzi vikawa mataruma, na kopo la maziwa likakatwa likawa matroli manne. Mandhari ndiyo iliyotuchukulia siku nyingi. Tulisuka kiunzi cha fito, tukakifunika kwa magunia ya katani yaliyochovywa katika uji mzito wa unga wa muhogo, nayo yalipokauka yakawa vilima. Juu yake tulinyunyiza udongo mwekundu wa Muheza uliochekechwa kwa kitambaa. Madodoki makavu yaliyochambuliwa yakawa vichaka. Chelewa na karatasi vikawa minazi. Mbuyu tuliufinyanga kwa udongo. Mikonge tuliikata kwa karatasi ngumu, mche mmoja mmoja, kila mmoja na urefu wa sentimita tatu, tukaipanda kwa mistari miwili miwili kama ilivyo shambani.

Milima ndiyo iliyotulazimisha kusema uongo. Usambara ya Magharibi hupanda zaidi ya meta 2,000. Kwa kipimo chetu ingetubidi kujenga mlima wa meta 40, mrefu kuliko minazi yote ya mtaani! Tukaufupisha hadi ukalingana na kimo cha mtoto, tukaupaka rangi ya samawati ili uonekane uko mbali. Tulijisifu sana kwa hila hiyo.

Siku mbili kabla ya maonyesho ya shule tulimwalika mzee mmoja, jirani yetu, aliyekuja Tanga kutoka Kigoma mwaka 1957 kufanya kazi ya mkonge. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akaizunguka meza kimya. Alitabasamu alipoyaona matroli. Halafu akauliza:

"Wajukuu zangu, mkonge huu unajikata wenyewe?"

Hatukuwa na jibu. Katika eneo lote lile hatukuweka hata mtu mmoja. Mzee akatueleza jinsi majani yalivyofungwa mafungu ya majani 30, yakachukuliwa hadi kando ya reli na kupangwa yahesabiwe. Jinsi kila siku ya kazi iliyotimizwa ilivyotiwa alama katika kipande. Na jinsi watu walioletwa kutoka mbali walivyoitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

"Milima mmeifupisha," alisema, "nami siwalaumu, kwani meza ni ndogo. Lakini watu hamkuwafupisha. Mmewafuta."

Alipoondoka tulibishana. Baadhi yetu walisema muda umekwisha, na kwamba watu wa udongo watauharibu uzuri wa shamba. Wengine walisema uzuri huo ndio ule ule wa picha za wageni, ambamo ardhi yetu huonekana kana kwamba ilikuwa ikingoja tu kutazamwa. Hoja hii ya pili ikashinda. Tulibomoa theluthi ya mlima tuliojivunia, tukapata nafasi ya kambi ya wafanyakazi. Tukafinyanga watu 46, kila mmoja akizidi sentimita tatu kidogo: wakataji, wachukuzi, wasukuma troli, wanawake waanikao singa kwenye nyaya. Wengine walitoka wamepinda, nasi hatukuwa na muda wa kuwanyoosha.

Siku ya maonyesho watazamaji hawakusimama mbele ya mlima. Walisimama mbele ya wale watu waliopinda. Mama mmoja alimwonyesha mwanawe kambi, akamwambia kwamba babu yake alizaliwa mahali kama pale. Mtoto akauliza ni nyumba ipi.

Ndugu walimu na wanafunzi, mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Tarakimu hiyo imo vitabuni, nayo yafaa ikumbukwe. Lakini kila mfano, ramani au insha hupunguza kitu, kwa kuwa meza ni ndogo na karatasi ni fupi. Basi anayeifanya kazi hiyo hana budi kuchagua cha kupunguza. Sisi tulianza kwa kuupunguza utu na kuubakiza mlima. Mlima wetu sasa una pengo, na hatukusudii kuliziba.