Sungura wa Bure Kaishia Sufuriani, Lawama kwa Nani?

Ishu ya sungura wa Katesh mmenitumia sana, acha na mimi niseme langu. Majina nayaweka kapuni.

Yupo dada mmoja hapa Hanang, wafuasi kibao, zile video zake za sungura chotara mmeziona. Kapata mchongo Arusha, na nyumba aliyopanga kule hawataki mifugo. Akaweka stetasi: "Sungura sita natoa bure, wahi." Jioni wote wameisha. Wiki haijapita, kaka aliyechukua wawili kaposti rosti na ugali. Mtandao ukawaka! Dada analia laivu, kaka anaitwa muuaji.

Mimi kumtukana kaka siwezi. Huku kwetu, kuanzia Katesh mpaka Dongobesh na Haydom, sungura ni kitoweo kwa huyu na kipenzi kwa yule. Kwa dada walikuwa na majina, ila stetasi haikusema. Cha bure hakina masharti.

Wawili kati ya wale sita ninao mimi. Niling'ang'ania kumlipa, kwa sababu anayetoa hela huuliza maswali. Nikauliza jinsia, akasema wote majike. Tukawageuza taratibu tukaangalia: mmoja dume! Hapo ndipo nikaelewa sita walitoka wapi, maana alianza na "majike" wawili tu aliouziwa Mbulu. Sungura anabeba mimba kama siku 31, na siku hiyohiyo akizaa anaweza kupandwa tena. Ukizubaa banda linajaa, halafu unaanza kugawa kama peremende.

Na muuzaji alimwambia ni New Zealand halisi. Jamani, New Zealand mweupe ana macho ya rangi ya waridi. Hawa wana macho ya kahawia na mabaka ya kijivu. Ni chotara! Tena hiyo mbegu yenyewe, pamoja na jina lake, ilizalishwa Marekani. Chotara hana aibu yoyote, wangu wanakula na kuruka vizuri tu. Aibu ni kulipishwa bei ya mbegu halisi.

Kwa hiyo unayetoa, weka bei hata kama ni ndogo, andika "wa kufuga, siyo wa kula", na nenda ukalione banda. Baridi ya Mbulu mwezi wa saba siyo mchezo, banda liwe kavu na lisipitishe upepo. Unayechukua, kama kwako ni mboga, sema mapema, hakuna atakayekuhukumu. Na majani makavu yasikosekane, meno ya sungura yanaota maisha yake yote.

Sungura akitunzwa anafika miaka 8 hadi 10. Video inatrendi siku tatu. Piga hesabu kabla hujambeba.

Haya, wewe uko timu dada au timu kaka? Shusha maoni.