Lugha Iliyostaafu

Nyumbani mwangu zimo kompyuta mbili katika mtandao mmoja. Ile kuukuu, ya Windows XP, imetunza barua za marehemu mke wangu. Mpya ni ya mjukuu wangu, naye alitaka kuzisoma. Mpya ikakataa. Kisa ni kwamba ya zamani huzungumza SMB1 tu, lugha ya kushirikiana mafaili ambayo Windows ilianza kuiondoa Oktoba 2017. Mei ya mwaka huo kirusi WannaCry kilikuwa kimeenea duniani kwa kupenya ufa wake.

“Babu, naweza kuirudisha,” akasema. Nikamkataza, barua tukazihamisha kwa flashi. Nami nilipostaafu ualimu mkuu nilikabidhi funguo za shule, wala sikuzidai tena. Kustaafu si kudharauliwa.