Kijiji Kisichowika

Juzi nilipanda milima ya Bushi, tangu Bukavu hadi kijiji kimoja cha upande wa Walungu. Alfajiri hakuwika jogoo hata mmoja. Kideri kilikuwa kimepita: kuku huhara kijani, hupinda shingo, hufa. Mama mwenye nyumba alinionyesha tundu tupu: «Mwalimu, humu ndimo zilimokuwa feza za masomo ya watoto.»

Jirani zake, kwa hofu, waliwahi sokoni na kuku waliosalia. Hao walionekana wazima, kumbe wamebeba ugonjwa. Wakaupeleka vijiji vya ng'ambo.

Kideri hakina dawa, kina kinga: tone la chanjo jichoni mwa kila kuku mzima, kila miezi 3 au 4. Nacho kikiisha kuingia, tusiuze, mizoga tuifukie.